Vinkubala vya Kupeleka Baharini

Kwa miaka kumi na mmoja Mwenya alikuwa akitoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam kununua nguo za watoto, safari tatu au nne kwa mwaka, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona bahari hata kwa mbali. Msimcheke upesi. Mfanyabiashara anashuka kwenye basi na usingizi wa siku tatu, anaingia Kariakoo, anachagua, anabishana, anafunga marobota, anapanda basi kurudi. Wenzake wengi wako vivyo hivyo, ila hawasemi.

Mwenya naye hakusema, na hapo ndipo alipojiponza. Aliporudi safari ya kwanza, majirani wa mtaa wao wa Makomeno walijaa uani kwa mama yake, mama Madeleine, wakauliza bahari ikoje. Mama alimtazama kwa fahari kubwa hata Mwenya akashindwa kusema hajaiona. Akajibu kwamba ni kubwa. Hilo halikuwa uongo. Lakini kubwa kiasi gani, wakauliza, na kuanzia hapo ulimi ukatangulia, mwenyewe akafuata.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mwenya ilipita mpaka wa Kasumbalesa, ikavuka Zambia nzima, ikafika Dar bado ina nguvu. Kila safari aliwadodosa wapagazi wa Kariakoo na mhudumu wa nyumba ya wageni, akarudi na habari mpya: kwamba maji hujaa na kupwa, na yakipwa unatembea juu ya mchanga mgumu ukiokota makombe, kwamba pweza huuzwa vipande vipande, unachoma kwa kijiti na kuchovya kwenye pilipili, kwamba Coco Beach watu huenda jioni kula mihogo ya kukaanga, ila mwenye kutaka kuoga kwa raha na avuke kwa pantoni hadi Kigamboni. Ili habari zikolee akaongeza rafiki: mama mmoja muuza madafu wa huko Kigamboni, ambaye humwita dada Mkongo na kumwekea kigoda kivulini.

Makomeno nzima ikamgeuza ofisi ya utalii. Élie na Chancelvie, majirani waliokuwa wameoana karibuni, walikaa naye mchana kutwa kabla ya kwenda Dar kwa fungate yao, wakiandika kwenye daftari. Waliporudi walisema kila kitu kilikuwa sawasawa na maneno ya yaya Mwenya, yaani dada Mwenya. Yule mama wa madafu tu ndiye hawakumpata. Labda alikuwa amesafiri.

Basi mwezi wa saba mwaka jana, baridi ikiwa imewakusanya watu kando ya mbabula za makaa, mama Madeleine akatangaza mbele ya kina mama wa kwaya kwamba safari hii naye atapanda basi. Magoti bado yanakubali, alisema, ya kesho hayajulikani. Alikuwa ameshafunga na kifurushi cha vinkubala, wale viwavi wakavu watamu kwa bukari, yaani ugali, zawadi ya mama wa madafu kwa wema wote aliomtendea mtoto wake.

Mwenya alijaribu kila sababu: paspoti, foleni za mpakani, miguu kuvimba. Mama alimsikiliza huku akiendelea kukunja vitenge vyake. Njia nzima kifurushi kilikaa magotini pa mama, na kila Mwenya alipokitupia jicho aligeukia dirishani. Hakuogopa kuchekwa na Makomeno, kicheko hupita. Aliogopa mama yake ajue kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akijivunia maneno matupu.

Asubuhi ya kwanza huko Dar walivuka kwa pantoni, wamebanwa hata wasione ila migongo ya watu. Huko Kigamboni wakashika kijia cha kwenda ufukweni, na ghafla mbele yao hapakuwa na kitu ila maji.

Mwenya alikuwa na hotuba tayari. Ikapotea. Hakuna mpagazi aliyewahi kumwambia kwamba bahari ina sauti, wala kwamba haina ng'ambo. Alivua kandambili zake na za mama, akazipanga vizuri kwenye mchanga uliolowa, akasimama kinywa wazi, machozi yakimtoka. Wimbi likaja, likazichukua zote.

Mama Madeleine alizitazama zikienda, kisha akamtazama mtoto wake.

"Mwenya. Njo mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Na ule mama wa madafu?"

"Haiko, mama. Nilimutunga tu mu kichwa."

Mama alikaa chini taratibu. Mabega yakaanza kumtikisika, Mwenya akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa pindo la kitenge, akasema miaka yote hiyo alikuwa akimwonea wivu mtoto wake mwenyewe, aliyeponda raha huku yeye amekaa Makomeno. Kumbe hakuna aliyemtangulia mwenzake. Kisha akanyoosha mkono avutwe.

"Kumbuka byote ulisemaka," alisema. "Tufanye moya-moya."

Wakafanya. Waliingia majini na vitenge vyao, wameshikana mikono. Mama aliyaonja kuona kama kweli yana chumvi, akatema, akaonja tena. Walikula pweza, mama akasema anatafunika kama mpira, na akaagiza kijiti cha pili. Maji yalipokupwa waliokota makombe, miguu mitupu. Mchana wakamkuta mwanamke mwenye toroli la madafu, Bi Somoe kwa jina. Mama akamkabidhi vinkubala kwa mikono miwili, akimshukuru kwa kumtunza mtoto wake. Bi Somoe alichungulia ndani, akasema asante mama, akamvutia kigoda.

Jumapili, walipokuwa wamerudi, ua ulijaa. Mwenya alikaa karibu na mbabula bila kuhisi joto lake, maana njiani hawakuwa wamepatana la kusema. Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyeuliza kama bahari iko kweli vile yaya Mwenya anavyoisimulia.

Mama Madeleine aliweka kikombe chini, akamtazama mtoto wake.

"Hapana," alisema. "Mwenya alisemaka tu kidogo."