Siri Iliyogeuzwa Sala

Jumatano ile haijanitoka, mwanangu, ingawa mambo mengi ya miaka ya vita nimeyaacha yaende zake. Tulikuwa sebuleni kwa baba yangu mdogo, hapa hapa Nguba, mjini Bukavu, na ilikuwa zamu yetu kupokea shirika. Wewe umekua na simu mkononi, pengine hujui shirika lilikuwa kitu gani kwetu wakati ule. Majirani Wakatoliki wa avenue chache, yaani mitaa yetu, walizunguka nyumba kwa nyumba kila juma, wakasoma Injili, kisha kila mmoja akatoa nia yake na wengine wakaitikia. Barabarani kulikuwa na askari, mishahara ilikuwa hadithi, na nia hazikuisha.

Mimi nilikuwa msichana aliyetoka Luberizi, kijiji cha bondeni. Wazazi wangu walikuwa wamefariki kitambo, nikalelewa na bibi yangu, koko, ambaye ndiye aliyemzaa huyo baba mdogo. Vita vya pili vya nchi yetu viliposhuka bondeni, watu walikimbia kwa miguu kuelekea milimani. Koko alikuwa na miguu iliyovimba. Nilimbeba mgongoni hadi mwisho wa mashamba ya mpunga, nikaanguka naye, nikamwinua, nikaanguka tena. Mwishowe akakataa kubebwa. Aliniamuru niende, kwa sauti ile ile aliyoitumia kunituma kuni, na mimi nikaenda. Hakuna aliyemwona tena.

Nilipofika Bukavu, baba mdogo, niliyemwita tonton, aliniuliza mama yake yuko wapi. Nilimwambia alifia mikononi mwangu, na wanaume wa kijiji wakamzika kabla hatujaondoka. Alipiga ishara ya msalaba, akanishika kichwa. Akasema, "Aksanti, mutoto yangu. Ulimuzikisha mama."

Kila siku alinishukuru kwa jambo ambalo sikulifanya. Chakula kilinishinda, usingizi ukanihama. Mke wa tonton akaniona nakonda, akanipeleka parokiani, kwenye chumba cha kusikiliza. Hapo walikuwa kina mama waliokuwa wamefundishwa kukaa na watu waliojeruhiwa moyoni. Nilimpata Maman Jeanne, jirani yetu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwenye huruma kuliko wengi niliowajua. Alinibembeleza kwa methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisha akaniahidi kwamba maneno yangu yangebaki kati yetu wawili na Mungu.

Nikamweleza yote. Jioni ile nilikula ugali nikamaliza sahani. Tulianza kuandaa, mimi na yeye, namna nitakavyomwambia tonton mwenyewe, kwa kinywa changu, siku nitakayopata nguvu. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani. Niliogopa kufukuzwa, maana sikuwa na pengine pa kwenda, lakini nilichoogopa zaidi ni tonton kulisikia kwa mtu mwingine.

Basi Jumatano ikafika. Zamu ya Maman Jeanne ya kutoa nia ilipofika, alifumba macho, akasema kwa machozi: "Bwana, tunakuomba juu ya binti mumoja mwenye aliachaka koko yake muzima mu njia ya vita. Umupatie amani."

Hakutaja jina. Ninaapa kwako, mwanangu, aliamini kabisa kwamba kutotaja jina ndiko kutunza siri. Lakini katika avenue zetu, msichana aliyetoka vitani bila koko wake alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amesimama pale mlangoni na sinia ya chai. Watu waliitikia, "Bwana, utusikilize." Midomo ya tonton ilianza kuitikia pamoja nao, kisha ikasimama.

Alijikaza. Kama mwenye nyumba alifunga sala, akagawa chai, akawasindikiza wageni hadi kwenye lango na kumshukuru kila mmoja. Aliporudi ndani alinipita nilipokuwa nimesimama, akaingia chumbani. Tangu hapo ikawa salamu tu, asubuhi na jioni. Nilipokaa mezani, yeye aliondoka.

Kesho yake Maman Jeanne alikuja uani akiwa ameshajua alichofanya. Hakuja peke yake. Alikuja na Maman Véro, muuguzi mzee mwenye mvi, ambaye ndiye aliyewafundisha wote wa chumba kile. Maman Jeanne alilia akasema alikuwa ameshindwa kulala kwa uzito wa habari yangu, akaona amtwike Mungu. Maman Véro alimwacha amalize. Halafu akamwambia, bila kupandisha sauti: "Jeanne, Mungu alikuwa anaijua zamani. Hakukuomba umupitishie mu masikio ya jirani. Ile habari haikukuwa yako, hata ya kumupatia Yeye mbele ya batu. Kama ilikulemea, ungeniletea miye, na ungeniletea bila jina na bila kijiji. Miye niko hapa juu ya ile."

Kisha akanigeukia mimi, akaniita binti yangu, akasema ni mimi nitakayeamua kama nitarudi kwenye chumba kile, na nitakaa na nani, na kwamba hata nisiporudi kamwe hakuna atakayeniuliza sababu. Nilikuwa na hasira. Huko sikurudi kwa muda mrefu, nikawa nabeba peke yangu kama mwanzo.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa nafua nguo kwenye bomba. Tonton akaja, akavuta kigoda, akakaa. Aliangalia povu. Akauliza, "Alibakia na mayi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, tonton. Nilimuachia bido ya mayi, na pagne yangu ya kujifunika."

"Alisema nini?"

Koko alikuwa amenituma salamu, nami sikuweza kuzifikisha, kwa kuwa uongo wangu ulikuwa umeshamzika. Nikasema, "Alisema nikikufikia, nikusalimie. Alikuita kwa jina ya utoto."

Tonton alitikisa kichwa polepole. Akasema: "Kama ungeniambiaka weye mwenyewe, tungelia bote wawili. Lakini nilisikia mbele ya batu. Ikaomba nikuwe mwanaume, nisilie." Akanigusa bega, akainuka, akaingia ndani. Siku hiyo tulikula meza moja. Ila nakuambia, mwanangu, tonton aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanioza, akabeba watoto wangu, na mpaka tunamzika sikuwahi kumwona akimlilia mama yake.

Watu waliniambia baadaye kwamba heri ilivyotokea, maana tulipatana. Wananikera hadi leo. Tulipatana kwa sababu tonton alikuwa mtu mwema. Ile siku niliyokuwa naiandaa, ya mimi na yeye kulia pamoja, iliibwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa umekuja kuniaga, unaanza kazi ya kusikiliza watu, na diploma yako ni kubwa kuliko mlango wangu. Nimefurahi. Wazee husema nia njema ni tabibu, na ni kweli mara nyingi, lakini nia njema ya Maman Jeanne haikuwa na kamba ya kuifunga, na kazi hii ni ile kamba. Mtu akikupa habari yake, amekupa uiweke, hakukupa uitumie. Usiipeleke mezani, usiipeleke kwa mumeo, usiipeleke kanisani hata ukiivika sala. Kutotaja jina hakutoshi katika mji ambao kila mtu anamjua shangazi wa mwenzake. Ikikulemea, na itakulemea, uwe na Maman Véro wako kabla hujampokea mtu wa kwanza. Msikilizaji asiye na wa kumsikiliza atapasuka siku moja mbele za watu. Kukiwa na hatari ya mtu kufa, hapo utafute msaada, na hilo umwambie mwenyewe tangu siku ya kwanza, asije akashtuka. Mengine yote ni yake: siku ya kusema ni yake, mtu wa kumwambia ni wake, na ukimya wake pia ni wake. Usimharakishe kwa methali, kama nilivyoharakishwa mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyesikia kilio cha koko pale mpungani bila kumsimulia mtu akupe masikio kama yake. Watakaokuja kwako wakiwa wamebeba wafu wao warudi nyumbani na nguvu za kusema wenyewe, na watakapoambiana, walie pamoja. Amina.