Siku Niliyoambiwa "Hang On"

Nianze mwenyewe na ujinga wangu, maana ukiusikia kwa mwengine utatiwa chumvi. Juzi nimekaa na simu sikioni, namsubiri fundi wa kiyoyozi anitazamie nafasi, mpaka chai ikapoa. Kumbe alikata zamani! Wanangu wakanicheka. Sikuwaambia kwamba mama yao ana ujuzi huo tangu utotoni.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni tulikaa ghorofani Al Barsha, huku Uarabuni, baba, mama na mimi. Mama alijua Kiunguja chake na Kiarabu cha sokoni; Kiingereza cha nyumba nzima kilikuwa mdomoni mwangu, nami nikikiringia. Wiki ile mwalimu alikuwa ametufunza "hang on". Ni maneno ya mazungumzo, alisema, na yana kazi tatu: kung'ang'ania kitu, kuvumilia mambo yakiwa mazito, na kumwambia mtu asubiri kidogo. Nikarudi nayo nyumbani kama viatu vipya vya Idi.

Alasiri moja, mama anakaanga sambusa, jirani yetu Mkenya, mlinzi wa maduka makubwa, akasimama mlangoni na sare yake. Amesikia rafu za mizigo zimeanguka kwenye ghala moja Jebel Ali, na kuna watu chini yake. Baba alikuwa mpakiaji wa ghala huko huko. Mama akazima jiko, mafuta bado yanalia.

"Piga kazini kwa baba yako. Wewe ndiye mwenye ulimi."

Nikapiga. Mwanamume akapokea, nikamtajia jina la baba. Akasema, "Hang on," akaenda zake. Nikasikia honi za mashine, mtu akipiga kelele "yalla, yalla!", halafu kimya.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Tusubiri."

Simu za waya za humu mjini zilikuwa bure, kwa hiyo hakuna aliyetuharakisha. Sambusa zikalegea kwenye sinia. Mama alinishika bega, na kila tukikaa vidole vyake vinazidi kukaza.

"Kata, upige tena."

"Mama, ukiambiwa hang on hukati!"

Nani abishane na msomi? Adhana ya magharibi ikaita, nami bado nimeng'ang'ania, nimevumilia, nimesubiri. Kazi zote tatu kwa mpigo. Mwalimu angejivunia.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

Simu ile haipo tena. Mama karudi Unguja, na sambusa zangu, nizikunje vipi, si zake. Siku hizi kila mtu ana simu yake mfukoni, na sijui nani bado hukaa hivyo, bega kwa bega, akimsubiri mtu mmoja. Lakini jirani namwona hadi leo pale mlangoni, simu yake ya mkononi kamnyooshea mama, macho kanitolea mimi:

"Weka hiyo simu chini, wewe! Babako ni mzima, anawapigia tangu saa kumi, laini yenu iko bize tu, mpaka amechoka akanipigia mimi!"