Jina Ambalo Hatukulitaja

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu. Mume wangu yupo, muulize.

Mwaka 2018 nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee hapa Lewisville, Texas. Kati ya niliowaogesha na kuwalisha alikuwemo Bibi Aluki, Mwinuit, mtu wa kaskazini kabisa ya Kanada, kule bahari inakoganda. Aliolewa na mwanamume wa Texas aliyekwenda huko kutafuta mafuta, akaletwa kwenye joto hili, akafiwa na mume, na mtoto hakujaliwa. Mimi ni Mjaluo wa Rorya. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, naye alipenda kuniwekea mkono tumboni.

Alinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akisimama juu ya barafu tangu asubuhi bila kutikisika, akimngoja sili, yule mnyama mnene wa baharini mwenye manyoya, atoe pua kwenye tundu avute pumzi. Sili akishauawa, kabla kisu hakijamgusa, mama yake Aluki alimmiminia mdomoni maji yasiyo na chumvi. Anaishi kwenye chumvi, anakufa na kiu. Ukimnyima, roho yake hairudi tena kwenu. Na binadamu je, nilimuuliza. Akasema binadamu hurudi kwa jina: mtu akifa, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, na mtoto huyo huheshimiwa kama marehemu mwenyewe.

Siku moja akanishika mkono.

"Mimi sina wa kunirudisha," akasema. "Utampa mtoto wako jina langu?"

Nikasema ndiyo. Wiki mbili baadaye akafariki.

Binti yangu alipozaliwa tukampa jina la marehemu nyanya wa mume wangu, Atieno. Niseme ukweli, ile ahadi sikuifikiria hata kidogo. Siku ya nne akaanza kulia. Hanyonyi, halali, uzito unashuka. Hospitali walimpima, wakaturudisha nyumbani, tukaenda tena, wakaturudisha tena.

"Wanasema yuko fine," mume wangu akaniambia. "Wame-check kila kitu, mama." Lakini macho yake yalikuwa mekundu kama yangu.

Kwetu mtoto akilia hivyo anadai jina, na likitajwa lenyewe hunyamaza. Tukampigia simu shangazi yangu Rorya, tukaweka spika karibu na mtoto, naye akataja marehemu wa pande zote mbili mmoja baada ya mwingine. Alitaja mpaka walioliwa na mamba. Mtoto analia tu.

"Mwanangu, ukoo umekwisha," shangazi akasema. "Sina mwingine."

Hakuna kati yetu aliyemuwaza mtu asiye wa damu yetu. Nani angemuwaza?

Alasiri moja ya Agosti nilimtoa nje kumbembeleza. Mbele ya chumba cha kufulia cha apatimenti zetu kuna benchi la chuma, na mwezi ule ukilikalia unaungua. Alikuwa ameketi pale mwanamke mwenye koti zito la ngozi, kofia yake ya manyoya imemfunika uso. Hakuwa na tone la jasho. Nikadhani ni mgonjwa wa akili, nikataka kupita. Akainua kichwa, akafungua kinywa, akakaa hivyohivyo akingoja.

Niamini, nilimjua. Nilikuwa na chupa ya maji, nikammiminia kinywani kidogo kidogo, mtoto akilia begani kwangu. Alipomaliza kunywa akamtazama mtoto.

"Mmemwitaje?"

"Atieno."

"Ulisema ndiyo," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na kwangu ingekuwa afadhali angenitukana.

Nikaweka mdomo kwenye sikio la binti yangu, nikasema, "Aluki." Akanyamaza. Nikalitaja tena, akaanza kutafuta titi. Nilikaa palepale chini kwenye saruji nikamnyonyesha huku nalia. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu. Nikaligusa lile benchi. Lilikuwa na baridi ya kuumiza vidole.

Leo Aluki ana miaka miwili. Simchapi wala simfokei. Asubuhi mimi ndiye ninayemwamkia, "Shikamoo, bibi." Mume wangu alicheka mwanzoni, siku hizi naye anaamkia. Mama mkwe aliposikia tumeliacha jina la ukoo wake aliacha kupokea simu zangu, na inaniuma sana, lakini mwanangu anakula na analala.

Wewe unayehudumia wazee, nisikilize. Mtu anayekaribia kufa akikuomba jambo usiloliweza, mwambie huliwezi. Mimi nilisema ndiyo kwa sababu kengele ya chumba cha pili ilikuwa inalia na nilitaka aniachie mkono. Akaniachia. Akalala akitabasamu, maana aliniamini.