Rundo la Kuni Kando ya Kuku

Nakumbuka siku niliyomfokea jirani yangu mbele ya watu, na kila nikisikia mtu analalamika kwamba vifaranga wake wanaisha, siku hiyo hunirudia. Umenipigia simu asubuhi, mwanangu, ukisema wamebaki wanne tu na kwamba unamshuku paka wa jirani. Usiende kwake kwanza. Nisikilize.

Nilikuwa bado mke mgeni huku Dundori. Mama mkwe alikwenda Molo kumuuguza dadake, akaniachia kuku wake, mmoja wao ametoka tu kuangua. Wakiongezeka, ningehesabiwa mtu wa nyumba ile. Wakiisha, ningesimuliwa habari yake mpaka nizeeke.

Basi nikajitahidi. Kwetu mke mgeni hutazamwa kuni zake kabla ya mvua. Nilipasua, nikapanga rundo refu lililonyooka, nikaliegemeza kwenye ukuta wa kibanda cha kuku ili paa lizikinge. Wanawake waliopita wakipeleka maziwa walilisifu, nami nikavimba kichwa.

Wiki ya pili vifaranga wakaanza kupungua, tena mchana, jua likiwaka. Leo mmoja, kesho wawili. Hapakuwa na damu wala manyoya. Nikavizia, nikamwona Tomi, mbwa wa Mama Wairimu, mjane tuliyepakana naye. Alikuwa akichimbachimba chini ya kuni zangu huku akilialia. Sikutaka ushahidi mwingine. Vijana wana haraka ya kuhukumu, na mimi niliwashinda wenzangu wote.

Nikaenda hadi langoni kwake.

"Mama Wairimu, mbwa wako anamaliza kuku wa watu!"

"Umemwona na kifaranga mdomoni?"

"Nimemwona hapo hapo kwa kibanda. Kwani kila siku anatafuta nini kwangu?"

Watu walikuwa wamesimama barabarani. Yule mama hakubishana. Kesho yake alimpa dereva wa lori la viazi Tomi, wakaenda zao, na mimi nikajiona nimeshinda. Siku tatu baadaye vifaranga waliobaki walitoweka wote, na mama yao pia.

Mama mkwe aliporudi nilimweleza yote, na habari ya Tomi pia, wala hakupiga kelele. Alizunguka kibanda mara moja, akainama na koti lake la safari, akaanza kutoa kuni moja moja. Alipofika safu ya chini, nguchiro akachomoka, mwembamba, mkia juu, akapotelea kwenye viazi. Mle ndani tulikuta manyoya na miguu midogo iliyokauka. Nyuma ya rundo, kati ya mbao mbili za kibanda, palikuwa na mwanya wa kupitisha ngumi, na kuni zangu ndizo zilizouficha.

"Umemjengea nyumba," akasema, "halafu ukamfukuza askari. Huyo mbwa alikuwa anakuonyesha. Enda umwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Mama Wairimu alikuwa akimenya viazi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini huyo mbwa alikuwa wa marehemu mzee wangu. Nilimtoa ndio tusikosane na wewe."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Tulimtafuta yule dereva, hatukumpata.

Kwa hivyo, mwanangu, anza kwako. Hamisha kuni, mawe na mabati ya zamani yakae mbali na kibanda, ufyeke na nyasi. Ziba kila mwanya. Weka waya wenye matundu madogo, na uuzike chini kidogo, maana nguchiro anajua kuchimba. Vifaranga wafungie na mama yao wiki za kwanza, hata mchana, na mayai uyaokote mapema. Sumu usiweke, itamuua asiyehusika. Ukishafanya hayo yote na bado wanapungua, basi nenda kwa jirani, lakini nenda kuuliza. Mimi kuku nilipata wengine mwaka uo huo. Mama Wairimu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakufuga mbwa mwingine.

Mungu akutunzie mji wako. Vifaranga wako wakue mpaka watage, na ukibisha kwa jirani, akufungulie kwa furaha.