Jamvi Tulilolikunja

Siku ya kwanza kazini nilifika ghalani kabla ya mwenye funguo. Haikuwa bidii. Kutoka kwangu hadi ghala la chama chetu cha ushirika, upande huu wa Kitangari, ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muhogo wa kuchoma. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, shati la kuazima kwa shemeji, na imani kwamba karani wa ubora ni mtu wa kukaa kwenye kiti. Mwenyekiti, mzee mkavu wa sauti ya chini, aliitikia shikamoo yangu akanipa chuma kilichochongoka, chenye uwazi katikati.

"Unakijua hiki?"

"Hapana, mzee."

"Bambo. Unachoma gunia ubavuni, linakutapikia korosho za tumboni. Za juu ni za kuonyesha wageni."

Nyinyi mnaoajiriwa na vyama leo mnakuta mashine za kupima unyevu, na ni jambo jema. Sisi tulimwaga korosho kwenye jamvi mbele ya mlango, mwenye mali akiwepo pamoja na yeyote mwingine mwenye macho. Ulichota konzi ukaitikisa: korosho iliyokauka hulia kama kokoto, mbichi hunyamaza. Kisha ulipasua chache kwa kisu. Kiini cheupe kilichojaa ni daraja la kwanza. Kilichosinyaa au chenye madoa ni la pili. Na tulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote: kila msimu, gunia la kwanza kumwagwa lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili nilizipa korosho zake daraja la pili. Mzee akachuchumaa, akazipekua, akainuka taratibu.

"Mke wangu aliniambia bado hazijakauka," akasema. "Sasa nimeshindwa na watu wawili."

Walimcheka wiki nzima. Lakini msimu ule hakuna aliyenibishia daraja. Angeanzia wapi?

Wenzangu wastaafu husimulia vituo vyao vya kazi kama mabaharia. Mimi nina kituo kimoja na nusu. Ile nusu ni Lulindi, nilikoazimwa msimu mmoja. Walinipokea vizuri, walinilisha, na kengele ya kanisa iliniamsha mapema. Wiki ya pili tumbo likaanza kuniuma. Mganga wa zahanati alinibonyeza huku na huku, akauliza, "Una mke?" Ninaye. "Yuko Kitangari?" Ndiyo. "Basi dawa yako hapa hatuna." Niliporudi, mke wangu, mama Salima, alitangaza kwa majirani: "Mume wangu ameizunguka dunia, mpaka Lulindi."

Cheko hilo mlishike, maana ugonjwa huo ndio ulioua chama.

Mzee alipofariki tulipata mwenyekiti mwingine, tukaajiri na meneja, kijana mwenye shahada na viatu visivyopenda vumbi. Kisha wakaja wawezeshaji wa kuimarisha taasisi. Tulikaa siku tatu darasani na soda zetu, tukichora chati ya visanduku na mishale. Kisanduku changu kilikuwa pembeni kabisa, kidogo, mshale mmoja tu unaingia. Nilikipenda, kilifanana na nyumba yangu. Siwasemi vibaya wale watu, mengi waliyotufundisha yalikuwa ya maana. Walituuliza tuna kanuni gani za ubora. Na sisi, kwa kuwa desturi ya jamvi haikuwa kwenye karatasi, tukajibu kwa unyenyekevu kwamba hatuna. Basi meneja akatuandikia. Korosho zipimwe ndani, mlango umefungwa, kuepusha msongamano. Mkulima asubiri jibu nje.

Ilibaki mkutano mkuu wa wanachama uikubali kanuni hiyo au uikatae. Siku moja kabla, meneja aliniita.

"Karani, nimesikia Masasi mjini wanatafuta mtu mzoefu wa ubora. Nimewaambia nitaangalia baada ya mkutano wa kesho."

Akafunika kalamu yake. Nilimwelewa.

Mkutanoni alisimama mama Zuhura, mjane, mwanachama tangu chama kinaanza, mwanamke ambaye korosho zake sikuwahi kuzipa daraja la pili hata mara moja.

"Mwenyekiti, karatasi sizikatai," akasema. "Ila korosho zangu zikiingia mlango ukafungwa, mimi nimekaa nje nabishana na nani, na mlango? Muulizeni karani. Yeye ndiye aliyempa mzee daraja la pili mbele yetu sote."

Wote wakanigeukia. Neno langu moja lingetosha, nami nililijua. Nikafikiria kitanda changu, kuku wangu, uji wa mama Salima. Nikafikiria Masasi. Si Ulaya, jamani, Masasi, mahali ambapo watu huenda asubuhi na kurudi jioni.

"Mwongozo uko wazi," nikasema. "Tuupe nafasi."

Mama Zuhura alikaza khanga yake kiunoni akakaa. Jioni ile jamvi tulilikunja, nami nilishika ncha moja.

Mwaka wa kwanza palikuwa na minong'ono. Mwaka wa pili meneja alianza kusimama nyuma ya bega langu. "Hilo ni la mjumbe wa bodi. Andika la kwanza." Nilitikisa konzi, ikanyamaza, nami nikanyamaza nayo, nikaandika la kwanza. Korosho mbichi haikai peke yake. Ikipangwa ghalani hutokota, huota ukungu na kuwagawia majirani. Siku ya mnada mabambo ya wanunuzi yalitapika korosho nyeusi. Shehena nzima ikarudishwa. Barua ya chama ikawalaumu "baadhi ya wakulima wasiozingatia mwongozo".

Magunia ya mama Zuhura, aliyoyakausha kwa kuyageuza kila saa kwa mikono yake, yalirudi yananuka pamoja na ya wajumbe. Aliyasindikiza kwa miguu nyuma ya baiskeli. Msimu uliofuata watu waliwauzia kangomba, wale wachuuzi wanaopita nyumba kwa nyumba kabla ya msimu na kupima kwa bakuli lao wenyewe. Angalau bakuli unaliona. Chama kikafa bila kilio. Chati iliendelea kuning'inia ukutani mpaka mchwa walipoimaliza.

Mimi sikuhamishwa. Nilistaafu nikiwa na barua inayosifu uaminifu wangu. Nyinyi mnaopelekwa kuimarisha vyama vya watu, kabla ya kuwaandikia kanuni kaeni uwanjani msimu mmoja mtazame wanachokifanya bila kuambiwa. Na mkimkuta karani anayependa sana nyumbani kwake, mwogopeni.

Mwaka jana nilimweleza mama Zuhura habari ya Masasi, yote. Alikuwa barazani anachambua korosho zake. Alisikiliza hadi mwisho, hakuinua kichwa. Tangu hapo, kila asubuhi nikipita, mazungumzo yetu ni hayo hayo.

"Shikamoo, mama Zuhura."

"Marahaba, baba Salima. Umelalaje?"

"Salama."

"Kwako?"

"Kwangu."

"Haya," anasema, na mikono yake inaendelea kuchambua.