Fundi wa Kupanda Naye Mlima

Mama mkwe wangu Emiliana ni mfupi. Akikaa nyuma ya usukani wa pikapu yake, aliye barabarani anaona kilemba na mikono miwili, basi. Watoto wa kijijini Kitura, tunakoishi, husema gari la Mama Aidan linajiendesha lenyewe. Akiwasikia hupiga honi mara mbili, akacheka peke yake, akaenda zake.

Zamani alikuwa mpishi wa parokia. Kila dereva aliyekuja kula alilipishwa somo. "Ukitaka kipande kingine cha nyama, kwanza nionyeshe hiyo klachi inakanyagwaje," alikuwa akiwaambia. Hivyo ndivyo alivyojifunza, kipande kwa kipande. Mwaka ambao kahawa ilikuwa na bei nzuri, yeye na marehemu baba mkwe wakanunua pikapu kuukuu ya petroli, nyeupe kama maziwa yaliyomwagikiwa chai. Nyuma ilikuwa na maandishi makubwa mekundu. Mama akayakwangua yote kwa kisu cha jikoni.

"Gari langu halitasema maneno ambayo mimi sijayasema," alisema.

Huu ni mwaka wake wa tisa barabarani. Akishuka ziwani, Mbamba Bay, anabeba mahindi, maharage na ndizi, akipanda anabeba samaki. Kazi yenyewe hasa ni Kwaresima. Ijumaa za Kwaresima watu wa Mbinga hawali nyama, kwa hiyo mji mzima unatafuta samaki. Wakina mama wa ufukweni wanapakia matenga ya mbasa asubuhi mapema, na wanataka yawe sokoni kabla jua halijawa kali. Mkubwa wao ni Scholastica, mwenye sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa.

Mimi nimeolewa na mwanawe Aidan huku juu, kwetu ni Chiwanda, kule chini ziwani. Tangu nimzae Vitalis, ambaye sasa ana miezi minane, huwa nafuatana na Mama safari za Ijumaa. Mtoto huyu nyumbani analia, lakini ndani ya pikapu analala kama amelipwa alale.

Mama husali rozari akipanda mlima kutoka ziwani. Anasema si kwa woga, ni kwa sababu redio haishiki. Anaanza pale lami inapoanza kuinuka, na amezoea mpaka njia nzima anaipima kwa matendo matano ya rozari, kila tendo Salamu Maria kumi. Tendo la kwanza ni kona za chini. Tendo la pili ni kwenye migomba. Tendo la tatu ni ile kona ya kushoto yenye ukuta wa mawe.

Mwaka huu, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, tulipofika tendo la tatu pikapu ikaanza kukohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma, nguvu ikaisha, na kabla Mama hajafika tendo la nne injini ikazima. Tulivutwa na lori la mbao. Samaki walifika sokoni saa tisa wakiwa wamelegea, na wanunuzi wakawa wanawabonyeza kwa kidole na kuondoka.

Pikapu ikapelekwa kwa Fundi Hilari. Huyu ndiye mwenye gereji Mbinga mjini, yenye sakafu ya saruji, naye huvaa ovaroli lililodariziwa jina lake kifuani. Alishika bisibisi ndefu, ncha moja akaiweka kwenye injini na mpini akauweka sikioni, kama daktari. Akafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, akafunga, akakaza hiki, akalegeza kile. Pikapu ikanguruma vizuri sana. Tukashuka nayo tukiwa na furaha. Kesho yake asubuhi kule ziwani haikutaka kuwaka, na ilipowaka ikawa inatoa milio kama mahindi kwenye kikaango.

Scholastica akatupeleka kwa Fundi Jonas. Yeye ana kibanda cha mabati karibu na maji, na spana zake anaziweka kwenye beseni la samaki. Akafunua boneti.

"Nani kachezea hii kabureta?"

"Fundi Hilari wa Mbinga," Mama akajibu.

"Aa. Ndiyo maana."

Akazungusha skrubu zake, injini ikatulia kabisa, ikawa inasikika kama paka aliyeshiba. Tukapakia, tukapanda. Tendo la tatu, moshi mweusi. Samaki wakachelewa tena. Jumamosi tukarudi kwa Hilari, akafunua boneti.

"Nani kachezea hii kabureta?"

"Fundi Jonas wa Mbamba Bay."

"Aa. Ndiyo maana."

Jioni ile Scholastica akapiga simu. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipojua jambo ni zito.

"Dada, mimi nakupenda, lakini samaki wangu wanaozea mikononi mwako. Ijumaa hii ikikwama tena, ijayo tunapakia kwa Dastan. Wenzangu wameshaamua, usinikasirikie."

Dastan ana lori na analitaka soko hilo siku nyingi. Mama alisema sawa, akaweka simu chini. Alifagia uwanja ambao mimi nilikuwa nimeshaufagia.

Jumapili baada ya Misa kila mtu alikuwa na ushauri. Wengine walisema achague Hilari kwa sababu ana sakafu ya saruji, wengine wakasema achague Jonas kwa sababu ana mikono mepesi. Wote walikubaliana jambo moja, achague mmoja na yule mwingine asiguse tena. Mama aliwaitikia wote. Nilikaa na mtoto mgongoni nikimtazama, nikaona hajachagua.

Alhamisi mchana tulishuka, tukafikia kwa Scholastica kama kawaida. Mama alikuwa amemletea maharage kutoka kwenye gunia letu la nyumbani. Scholastica akayainjika, tukakaa kupiga soga, na kabla soga haijakolea akaepua.

"Umeweka magadi?" Mama akauliza.

"Magadi ya nini? Maji na chumvi."

"Maharage haya haya? Kwangu Kitura haya yanamaliza mzigo wa kuni."

Nikasema, "Mama, mimi wiki ya kwanza ya kuolewa niliwalisha maharage mabichi. Nilipika kwa kipimo cha Chiwanda."

"Kumbe! Aidan alikuja kuniambia mke wake hajui kupika. Nikamwambia atafune anyamaze."

Tukacheka, Scholastica zaidi ya wote. Lakini Mama aliacha kucheka mapema. Aliitazama sufuria, halafu akageuka akautazama mlima tulioteremka.

"Maharage ni yale yale," akasema taratibu. "Sufuria ni sufuria. Kilichobadilika ni mahali." Akavaa kandambili. "Mama Vitalis, twende kwa fundi."

Tulimkuta Jonas anaosha mikono kwa petroli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, hii pikapu unayoitengeneza hapa, uliwahi kuiona ikiwa kule juu?"

"Hapana, mama."

"Na Hilari hajawahi kuiona huku chini. Kila mmoja anaitengeneza ikiwa kwake. Mimi barabara yangu ina ncha mbili."

Jonas akaacha kunawa. Akasema inawezekana, kwa kuwa kule juu hewa ni nyepesi. Kipimo cha petroli kikibaki kile kile cha ziwani, injini inavimbiwa mafuta inakosa pumzi, na huo ndio moshi mweusi. Ikirekebishwa kwa hewa ya Mbinga, ikishuka huku inabaki na njaa, ndiyo maana inatoa milio. Labda miaka yote ile skrubu ilikaa mahali pa kati, mpaka mtikisiko wa barabara ulipoisogeza. Alisema haya polepole, kama mtu anayejisomea barua.

"Inaanzia wapi kukohoa?" akauliza.

"Tendo la tatu."

"Hicho ni kijiji gani?"

"Si kijiji, ni rozari."

"Mimi Mwanglikana, mama. Nitajie kwa mawe na miti."

Mama alitoa simu, akampigia kwanza Hilari, kwa heshima ya umri. Akamwomba apande basi jioni ile ile, kesho asubuhi wapandishe mlima pamoja, yeye na spana zake, gari likiwa na mzigo. Sauti ya Hilari tuliisikia wote.

"Mama Aidan, mimi ni fundi au utingo? Lete gari gereji."

"Asante, baba," Mama akasema, akakata. Akamgeukia Jonas. "Na wewe?"

Jonas alitazama miguu yake.

"Mama, nitakwambia ukweli, ila usimwambie mtu. Natapika."

"Unatapika nini?"

"Kona. Gari likianza kupinda natapika. Tangu utoto wangu."

Scholastica alikuwa ametufuata nyuma bila sisi kujua. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Jamani! Fundi wa magari anatapishwa na magari! Ndiyo maana hujawahi kuonekana Mbinga!"

"Kuyatengeneza sitapiki, mama. Ni kuyapanda."

Mama hakucheka. "Utapanda au hutapanda?"

"Nitapanda. Ila nikae dirishani."

"Dirisha utapata."

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kwa nini asingetafuta mwingine, maana fundi mgonjwa njiani ni mzigo juu ya mzigo. Mama akaniambia, "Huyu amenitajia kasoro yake mwenyewe. Yule mwingine wiki mbili hizi ananitajia kasoro za mwenzake."

Ijumaa asubuhi wakina mama walipakia matenga kumi na mawili. Hawakuimba wala kutaniana kama siku zote. Jonas aliirekebisha injini kwa hewa ya kwao, akaweka alama kwenye skrubu ya hewa kwa rangi ya kucha ya Scholastica, nyekundu. "Hapa ni ziwani," akasema. Akaingia dirishani, beseni la spana magotini, limau puani. Mimi nikakaa katikati na Vitalis, ambaye alilala hata mlango haujafungwa.

Tendo la kwanza, salama kwa gari, si kwa Jonas. Alitoa kichwa nje mara mbili. Tendo la pili alikuwa na rangi ya ndizi mbichi. Tulipoingia ile kona ya ukuta wa mawe pikapu ikakohoa. Ikakohoa tena. Moshi ukapita dirishani. Mama akasimama bila kuzima injini, nikashuka nikaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Jonas alifungua mlango, akapiga hatua tatu, akakaa kwenye majani.

"Mama, dunia inazunguka. Siwezi kusimama."

Maji ya samaki yalikuwa yanadondoka kwenye lami, tone moja moja. Jua lilikuwa limeshatoka. Mama alitazama matenga, akamtazama fundi wake, akachukua bisibisi kwenye beseni.

"Lala hapo hapo, fumba macho," akamwambia. "Masikio hayatapiki. Niambie nifanye nini."

"Tafuta skrubu yenye rangi."

"Nimeiona."

"Dada, wewe kanyaga mafuta kidogo. Kidogo tu."

Dada ni mimi. Sikuwahi kukanyaga kitu chochote ndani ya gari. Nilipanda kwenye kiti cha Mama, mtoto mapajani, nikakanyaga. Injini ikapiga kelele, nami nikapiga kelele, Vitalis akaamka akacheka.

"Nimesema kidogo!" Jonas alilalamika kutoka kwenye majani. "Haya, mama, fungua robo. Tena. Ngoja. Dada, achia, kanyaga. Mama, fungua tena. Umepitiliza, rudisha kidogo... hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Hata mimi niliisikia. Sauti iliyokuwa imeziba kama ya mwenye mafua ikafunguka. Nilitazama nyuma kwenye kioo, moshi mweusi ukawa kijivu, kisha sikuuona tena. Jonas alitambaa mpaka kwenye boneti, akaweka alama ya pili ya rangi ya kucha, akarudi dirishani kwake.

Mama akaendelea na Salamu Maria ya saba, pale pale alipoiachia. Nilimwitikia kwa sauti ndogo. Kila kona nilikuwa nasikiliza injini badala ya kusali, Mungu anisamehe. Tendo la nne, safi. Tendo la tano, safi. Juu kabisa, pale baridi inapoanza kuingia dirishani, Mama akabadilisha gia na pikapu ikavuta kama haina mzigo. Alisema, "Atukuzwe Baba," kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia hata kanisani.

Tulifika sokoni saa tatu na nusu. Samaki walikuwa bado wanateleza mikononi. Watu walisukumana, na matenga yakaanza kuwa matupu kabla hatujamaliza kuyashusha. Fundi Hilari alikuja, nadhani alikuwa amesikia habari. Akasalimia, akafunua boneti bila kuombwa, akaona zile alama mbili nyekundu.

"Nani kachezea hii kabureta?"

"Mimi," Mama akasema.

Hilari alimtazama, akatazama alama. Akainama akasikiliza injini bila bisibisi yake. Mwisho akasema, "Si vibaya," akafunika boneti taratibu, akanunua mbasa wawili.

Simu ikaita. Sauti ya Scholastica haikuhitaji kuwekwa spika.

"Wamefika?"

"Wamefika na wameliwa. Tuma matenga mengine."

Kule upande wa pili nilisikia wakina mama wakipiga vigelegele, na mmoja akisema Dastan apelekewe salamu.

"Basi, dada," Scholastica akasema, "Ijumaa ijayo njoo mapema, nafasi yako ni ile ile."

Mama alifunga simu kwenye upindo wa kanga na kujifuta macho kwa mkono wenye harufu ya petroli, ikamlazimu ajifute tena. Jonas alikuwa amelala chali juu ya matenga matupu, limau kifuani, mdomo wazi. Mnunuzi mmoja aliyechelewa alizunguka pikapu akikosa samaki, akamwonyesha Jonas kwa kidole.

"Na huyu, mama, anauzwa?"

"Huyo hapana," Mama akajibu, akamfunika kwa kanga yake kwa sababu ya baridi. "Huyo ndiye fundi wangu."