Pulchérie, Anayewapeleka Wavuvi wa Kivu Hadi Sayari Nyingine

Jua halijapanda vizuri juu ya Ziwa Kivu, na mitumbwi ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, inarudi ufukweni Gisenyi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe za mdudu mkubwa. Wauza samaki wanasogea majini na mabeseni yao. Kundi moja tu la mitumbwi limebaki nyuma, halitaki kutia nanga. Humo amesimama kapita, kiongozi wa wavuvi, amevaa suti ya turubai lililopakwa rangi ya fedha, na kichwani amejivika dumu la maji lililotobolewa matundu ya kupumulia.

"Kapita Théogène, usiangalie kamera!" Pulchérie anapaza sauti, maji yakimfika magotini. "Angalia kule ku milima! Unaona dunia yetu mara ya mwisho!"

"Mi naangalia," sauti inajibu kutoka ndani ya dumu. "Lakini iko moto humu, Pulchérie! Mi niko kama ndizi mu shimo. Ukichelewa nitaiva!"

Wauza samaki wanaangua kicheko. Pulchérie hacheki. Anasubiri kipande cha wingu kisogee, anainua mkono, na wapiga makasia wanaanza wimbo wao wa kazi, uleule wanaouimba kila siku. Kwenye filamu, wimbo huo ndio unaowasha injini ya chombo cha anga.

Pulchérie Umugwaneza, mwenye umri wa miaka 37, ni mwongozaji wa filamu za bunilizi ya kisayansi: hadithi za sayari za mbali na za dunia ambayo bado haijafika. Hana kampuni nyuma yake wala mfadhili. Ana kamera, ana cherehani ya kushonea suti, na ana wavuvi. Asubuhi hii anapiga picha za kwanza za filamu yake ya pili.

Alianza bila kamera yoyote. Baba yake, Mzee Muhamadi, aliyekulia Tanzania kabla ya kurudi Rwanda, alikuwa na jumba la video mjini hapa. Filamu za kigeni zilioneshwa humo huku msimulizi akisimama kando ya televisheni, akiwaeleza watazamaji kinachosemwa. Siku moja msimulizi aliamka hana sauti. Pulchérie, wakati huo binti wa miaka kumi na mitano, akajitolea kushika nafasi yake.

Ilikuwa filamu ya safari ya angani. Katikati ya safari, sidii ikakwama. Picha ikaganda kwenye uso wa mtu mwenye kofia ya kioo, na watu wakaanza kudai warudishiwe kiingilio.

"Mi nikasema, munyamaze! Huyu mutu hajaganda, iko anafikiri," Pulchérie anakumbuka. "Nikaanza kuwaambia kile anafikiri."

Akasimulia. Chombo kiliishiwa mafuta, kikatua Goma, rubani akaibiwa kofia yake sokoni, akampenda binti aliyemsaidia kuitafuta. Picha ilikuwa ileile moja, lakini hakuna aliyeondoka. Mzee Muhamadi alibaki mlangoni na pesa mkononi, asipate wa kumrudishia.

"Mwanangu," alimwambia walipokuwa wakifunga jumba, "leo umewaonesha watu kitu ambacho hakikuwapo."

Jumba lile lilikuja kufungwa kabisa watu walipoanza kutazama filamu kwenye simu zao. Pulchérie akawa mpiga picha za harusi na ubatizo, akipanda na kushuka vilima vya Kanama na Cyanzarwe. Harusi za miaka mitatu ndizo zilizomnunulia kamera yake mwenyewe. Alipoishika tu, alikwenda ufukweni kumtafuta Théogène, kiongozi wa wavuvi, akamwambia kwamba mitumbwi yake inafanana na vyombo vya anga.

"Nilifikiri amegonjwa," anasema Théogène. "Halafu nikaangalia mitumbwi. Yewe! Kweli inafanana."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa "Kivu ya Juu", hadithi ya wavuvi wanaosafiri hadi sayari yenye ziwa pacha la ziwa lao. Waliipiga kwa miaka miwili, siku ambazo wavuvi walipata nafasi na harusi hazikuwapo.

Kisha ukaja mwezi wa Mei, mwaka 2021. Mlima Nyiragongo, ng'ambo ya mpaka, ulilipuka, na matetemeko yakaitikisa Rubavu, wilaya uliomo mji wa Gisenyi, siku baada ya siku. Pulchérie aliwachukua wazazi wake, wakakimbilia kwa ndugu huko Kanama. Waliporudi, ukuta wa chumba alichopanga ulikuwa umeanguka juu ya kompyuta na diski zote alizohifadhia kazi. Fundi alihangaika nazo, mwishowe akatikisa kichwa. Hakikuokolewa kitu.

"Nilikaa chini mu vumbi," anasema. "Sikulia. Nilisema, bon, imekwisha. Nitabaki na harusi za watu."

Alijifungia, hakutaka kuonana na mtu. Aliyekuja kumgongea alikuwa Théogène, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imepata nyufa.

"Pulchérie, ile filamu ilikuwa mu mashini, ao mu kichwa yako?" aliuliza.

"Mu kichwa."

"Na kichwa iko?"

"Iko."

"Donc, njoo. Mitumbwi nayo iko."

Wakaanza upya. Wavuvi hawakudai malipo. Walidai tu wasikatwe kwenye picha. Barabara iliyopasuliwa na matetemeko ikawa uso wa sayari ngeni, na kikundi kizima kilikimbia kuipiga picha kabla mafundi hawajaiziba. Lakini Uwase, mwigizaji mkuu, alikuwa sasa mjamzito, na tumbo halikufichika ndani ya suti. Pulchérie angeweza kumtafuta mwingine. Badala yake alibadilisha hadithi: msafiri huyo anajifungua mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye sayari ile. Mtoto anayelia kwenye filamu ni binti wa Uwase mwenyewe.

"Ile filamu ya kwanza, ukuta ulinisaidia kuifuta," Pulchérie anasema, na sasa anacheka. "Haikuwa na mutoto ndani."

Filamu ilipokamilika, msambazaji mmoja wa mjini aliipenda, ila alitaka sauti zote za Kiswahili cha ufukweni zibadilishwe ziwe za Kiingereza. Alisema wasafiri wa anga hawawezi kuongea kama wauza samaki. Pulchérie alimpa jibu ambalo hadi leo watu wa ufukweni hulirudia.

"Nilimuuliza, mutu ya Gisenyi akifika ku mwezi, anaacha kinywa yake hapa chini?"

Akaondoka na filamu yake. Aliionesha kwanza huko Mahoko, jioni ya siku ya soko, kwenye shuka jeupe lililotandazwa ukutani. Mvua ikaanza. Waliokaa mbele walifungua miavuli, waliokaa nyuma wakapiga kelele kwamba hawaoni. Miavuli ikafungwa. Watu wakaloa hadi mwisho, na Uwase alipojifungua kwenye shuka lile, soko zima lilipiga vigelegele.

Mzee Muhamadi, ambaye macho yake yamefifia, alikuwa amekaa karibu kabisa na ukuta. Binti yake alipomfuata kumuuliza aliona nini, alimshika mkono. "Niliyoyaona yananitosha," alisema. "Na hii haikuganda."

Baadaye filamu ilialikwa kwenye tamasha Mombasa, ikarudi na tuzo ya chaguo la watazamaji. "Mwanzo walicheka Kiswahili yetu," anasimulia. "Mwisho, wote bakasimama, bakapiga makofi."

Tuzo haikumtajirisha. Jumamosi bado utamkuta kwenye harusi za watu, kamera begani. Lakini vijana wa Gisenyi sasa humsimamisha njiani kumwonesha michoro ya vyombo vyao vya anga, naye ana ndoto ya kufungua karakana ambako watajifunza kuvitengeneza.

Kabla ya hapo, kuna filamu ya pili. Inamhitaji nahodha mwanamke, mtu mzima, asiyetishwa na safari wala na askari wa mpakani. Pulchérie amemchagua mama yake, Mukakalisa, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akivuka kwenda Goma na kapu la samaki kichwani, na ambaye hajawahi kuigiza.

Mama huyo anafika ufukweni asubuhi hii akiwa njiani kwenda mpakani. Binti yake anamwekea dumu la kofia kichwani, apime. Linamkaa vizuri. Mukakalisa anajitazama majini, ananyoosha mabega.

"Mi nitaenda ku sayari yako, mutoto wangu," anasema. "Lakini uandike vizuri: jioni, nahodha anarudi kwake."